Nambari Arobaini na Moja

Wakesho hakuwa mtu wa kusitasita. Alikuwa akisomea jeni za wanyamapori, na kila wiki alibandika utepe wa gundi kwenye matawi ya msitu wa Ngangao ili unase nywele za kima. Mashine ilizisoma, ikaamua yupi abaki na yupi ahamishiwe msitu mwingine, ndugu wasije wakazaana. Kisheria, uamuzi wa mashine haukuwa na rufaa. Wakesho mwenyewe ndiye aliyewaomba watu wa gari la kuhamisha kima wasiwe wanachelewa.

"Lakini mama zao hulia," mumewe, Mwadime, alimwambia huku akimenya viazi.

"Watazoea. Mashine haiangalii sura, baba Mghoi. Inasoma damu tu."

Jumamosi alikwenda msituni na binti yao, Mghoi, wa miaka sita, akaonje kazi. Mtoto alipenyapenya kwenye matawi mpaka misuko ya nywele zake ikanasa kwenye utepe. Wakesho alimnasua akicheka, akaendelea kukusanya tepe zake.

Jumatatu majibu yaliwakuta wakinywa chai. Wakesho aliyasoma kwa sauti, kifua mbele.

"Nambari arobaini na moja. Jike, bado mchanga. Ahamishiwe msitu wa Mbololo leo."

"Ni kima yupi huyo?"

Wakesho alifungua picha ya unywele. Ulikuwa umesokotwa pamoja na uzi mwekundu wa kusukia.

Nje gari lilipiga honi. Mghoi alishatoka mbio kulipokea, maana wale wa gari aliwajua wote kwa majina.