Maneno Yaliyombakia Zénon

"Pika," alisema Zénon kitandani. "Pika. Pika."

"Labda anataka kukuambia 'nitakupikia'," alisema daktari.

Colette akasonya. "Huyu? Tangu anioe hajanichemshia hata maji ya chai."

Daktari Honoré, kijana wa Lubumbashi aliyepata kazi katika hospitali hii ya Durban, akaandika. Colette alimtazama kama mtu anavyotazama samaki wa juzi. Kalamu tatu mfukoni, ndevu hazijafika tano!

"Mama, neno refu kichwa hulijenga kipande kwa kipande, upande wa kushoto. Mshipa wa mume wako umepasuka huko huko. Vipande anavyo, kuviunga hawezi. Lakini yale ambayo mtu ameyarudia maelfu ya mara hayajengwi tena. Yanatoka mazima, upande wa kulia. Nikisikia sentensi moja tu, atabaki hapa afundishwe kusema. Nisiposikia, Ijumaa mnampeleka nyumbani hivyo alivyo."

"Ndiyo hiyo inakusumbua, docteur? Mume wangu alikuwa katekista kule Uvira miaka kumi na tano! Sala zimemjaa mpaka zinamwagika."

"Ulimsikia akisalisha?"

"Tumejuana hapa Durban, mwaka jana. Aliniambia mwenyewe."

Mama Sikujua, jirani yao wa kanisani aliyeruhusiwa kuingia mapema na Colette, akakohoa. "Eish, dada. Kanisani kwetu hajaongoza hata Salamu Maria moja. Kila Dominika anakaa nyuma, mdomo umefungwa."

"Huo unaitwa unyenyekevu, mama. Wewe huwezi kuujua."

Colette akamshika mumewe mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. "Baba yetu uliye mbinguni... Endelea, Zénon."

Zénon akamtazama tu.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

Mama Sikujua akaanza kutabasamu. Colette alimwona, akaminya ule mkono mpaka vidole vikapauka. Bwana, usiniaibishe mbele ya huyu.

Kengele ya kuona wagonjwa ikalia. Mlango ukafunguliwa, watu wakaingia kwa wingi, wanaume kwa wanawake, na mizigo yao, na mtoto analia mgongoni.

Zénon akainua kichwa. Sauti ikamtoka bila kukwama, bila haraka, kama ya mtu aliye kazini.

"Shukeni wote kwenye lori. Vitambulisho mkononi. Wanaume huku, wanawake kule. Piga magoti. Wewe mama, nyamazisha huyo mtoto. Usinitazame."