Viatu Namba Arobaini na Nne

"Hivi vya kwendea harusini, si vya mlimani," Rashidah alisema, akakirudisha kiatu kwenye rundo. "Nipe vya mwanamume."

Katembo, muuza mitumba na vipuri vya baiskeli katika soko la Nakawa, alicheka kwa lafudhi ya Kongo. "Mama, bwana yako anaenda na kinga ao na miguu?"

"Vyote viwili, baiskeli na miguu. Ataendesha mpaka chini ya Rwenzori, kisha apande."

"Basi twaa hizi pedali za kubana kiatu. Mguu hauchomoki."

"Na akishuka atembee na vyuma chini ya soli, kwata kwata, kama punda? Nataka pedali pana, zenye meno. Na kiatu kizito, soli ngumu. Namba arobaini na nne."

"Arobaini na nne! Uliolewa na mwanamume ao mti?"

"Mti," alijibu Rashidah, bila kutabasamu.

Njia nzima mpaka Nsambya, alikopanga chumba, watu walisongana kama siafu, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake. Jua lilipoanza kuinama, woga ulimpanda. Jana yule jamaa wa chumba cha kona alimgongea tena, akanong'ona kwenye tundu la kitasa: "Bibi, huyo bwana msafiri harudi?"

Mlango wa pili, kwa jirani yake Marie-Jeanne, jamaa huyo hakuwahi kugonga. Huko mabuti ya mume wake yalikaa kizingitini kila jioni. Askari, ilisemekana, mtu mkimya; wapangaji wote walimwogopa.

Leo atarudi, Rashidah alijiapiza. Potelea mbali, leo atarudi.

Alifunga pedali mpya kwenye baiskeli kuukuu iliyoegemea dirisha lake. Akazikwaruza kwa jiwe. Akavichovya viatu kwenye tope la mtaro, akavipanga mlangoni, kisha akakigeukia chumba kitupu, akapaza sauti ua mzima usikie:

"Karibu, baba! Pole na safari!"

Kwenye chumba cha kona, redio ilizimwa.

Marie-Jeanne alichungulia. Akavitazama viatu, akamtazama Rashidah, akatoka peku. Aliinama, akakilaza kimoja ubavu, kingine akakisukuma mbali na mwenzake.

"Usivipange kama dukani, dada," alinong'ona. "Wanaume huvivua ovyo. Mimi pia, mwaka wa kwanza, nilikosea hivyo hivyo."