Kuku, Mwambie Mkwe

"Kuku, mwambie mkwe wangu tairi la upande huu linanuka."

Shadrack alisikia vizuri kabisa, maana mama alikuwa ubavuni pake, lakini alisubiri kwa adabu kana kwamba kuku ndiye atakayempa habari. Akasimamisha pikipiki, akaelekeza macho porini.

"Kuku, mwambie mama nimesikia. Ashuke kidogo anyooshe miguu."

Kwa Wasukuma wa Ivuna, nyumbani kwa mkewe, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitishia kwa mwingine. Shadrack, Mnyiha wa Nanyala, alijifunza hilo siku ya harusi, alipomwona mama mkwe wake visigino tu. Sasa mkewe Nyanzobe alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, ubatizo ni kesho, naye ameapa hatii mguu kanisani bila mama yake.

"Ukimvunjia mama yangu heshima njiani," alimwambia mumewe, "usirudi."

Ndipo Shadrack alipochomelea kigari cha kukalia ubavuni mwa pikipiki, ili mama asipande nyuma na kumshika mkwewe kiuno. Upande wa nje akafunga gurudumu la toroli. Nyanzobe alimhakikishia litatosha: "Mama yangu mwembamba mno. Upepo ukivuma anashika mti."

Asubuhi alimkuta kwenye kibanda cha kuuzia chumvi, kama baba mkwe wake, Mzee Mayala, alivyomwelekeza kwa simu: mama aliyejitanda kitenge, kampakata kuku. Shadrack akampa mgongo haraka, akakohoa. Kigari kilipoguna, akajua mama amepanda.

"Kuku, mwambie mkwe asante," ilisema sauti kutoka ndani ya kitenge. "Niliambiwa nitapanda pikipiki tu, kumbe kaniletea kiti cha chifu."

Shadrack akavimba kichwa.

Kichwa kilinywea walipofika kwenye mawe. Pikipiki ilikuwa inavutwa kushoto muda wote, naye akapigana na usukani kama anayeswaga ng'ombe mkaidi. Tairi la toroli, lililotoka dukani jana, lilikuwa kipara kabla ya Kamsamba. Akamlaumu muuza tairi. Akailaumu barabara, akaulaumu na mfuko wa chumvi miguuni pa mama. Uzito wa mama mwenyewe hakuulaumu, angeanzia wapi? Watu wa bondeni wana maziwa mengi, alijiambia, na mtu hunenepa.

Akaona achangamshe safari.

"Kuku, mwambie mama mjukuu anamlilia bibi yake usiku kucha."

"Kuku, muulize mkwe, ni yupi? Maana ni wengi."

Shadrack alicheka nusura aingie mtaroni. Mtoto ni mmoja, tena mchanga, na mama tayari anawaombea wengine! Akaipokea kama dua.

"Kuku, mwambie mama amina."

Walipoanza kupanda mlima, tairi likapasuka. Kigari kikalala upande, chumvi ikamwagika, kuku akachomoka na kutokomea kichakani. Hapo Shadrack akaingiwa na hofu ya kweli. Mama alikuwa anaguna nyuma yake, naye hakuweza hata kumuuliza kama ameumia, maana mkalimani ametoroka. Akamkimbiza kuku kwenye miiba mpaka suruali ikachanika makalioni, akarudi amemkumbatia, anahema.

"Kuku, mwambie mama... pole."

"Kuku, mwambie mkwe mimi mzima. Pole yake yeye, na suruali yake."

Shadrack alitamani ardhi immeze. Uso haruhusiwi kumwonyesha mama mkwe, na upande wa nyuma sasa una dirisha. Kazi yote iliyobaki akaifanya ubavu ubavu. Alishindilia majani makavu ndani ya tairi, akalizungushia kamba za mpira, wakaendelea kwa mwendo wa kinyonga huku majani yakidondoka njia nzima.

Walipopita mjini Mlowo, watu walitoka madukani kuwacheka. Yeye alikuwa na miiba mikononi na upepo ukipita kwenye suruali, lakini moyo wake ulikuwa mweupe kwa furaha. Toka bondeni mpaka lami, hakumtazama mama hata kwa kuibia. Nani tena atasema Wanyiha hawajui kuheshimu wakwe?

Walipofika nyumbani Nanyala, Nyanzobe alitoka ndani mbio, mtoto mgongoni, machozi yakimtangulia. Akapiga magoti mbele ya kigari, akaushika mkono uliochomoza kwenye kitenge. Akasita. Aliutazama ule mkono mnene, akalitazama na tairi lililotapika majani.

"Shikamoo, mama," alisema taratibu. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Ezron, huyu mama ni nani?"

Kitenge kilishuka. Kwa mara ya kwanza tangu Ivuna, Shadrack na abiria wake wakatazamana uso kwa uso. Mama akamkagua kutoka kichwani hadi kwenye suruali, akamwinamia kuku.

"Kuku, hebu muulize huyu kijana: Makene, mkwe wangu, yuko wapi?"