Spika ya Kumsikilizia Mama

Siku hizo sheria iliruhusu sauti za marehemu zisikike kwenye spika zenye muhuri tu, nazo ziliuzwa mtandaoni kwa bei ya kuruka. Nakijwa aliuza ng'ombe wake wote akaagiza moja, ili asikie tena sala ya marehemu mama yake. Redio yake ya zamani, iliyohifadhi sauti hiyo, ilichukuliwa, sauti ikahamishiwa kwenye spika, na redio ikasagwa, kama sheria ilivyotaka.

Jioni akaiwasha spika.

"Baba yetu uliye mbinguni," sauti ilianza, safi kama maji ya chemchemi.

"Mbona hakohoi?" aliuliza mumewe, Shemdoe. "Na kile kigugumizi chake? Mama mkwe akifika 'utusamehe' alikuwa anakwama mpaka ugali unapoa."

"Spika inaondoa kasoro. Ndiyo maana ni ghali."

"Basi imemwondoa na mwenyewe, mke wangu."

Nakijwa alifumba macho, akasubiri. Sauti ikapita "utusamehe" bila kukwama, ikamaliza, kisha ikasema kwa upole uleule, "Mteja wetu mpendwa, ungependa sala nyingine?"

Nakijwa aliitikia amina, kwa kuwa mama alimfundisha kutoacha sala bila kuitikiwa. Ila hakujua alikuwa anamwitikia nani.