Wajawazito wa Vlasta

Asubuhi hiyo, katika mji mzima wa Vlasta, hapakuwa na kochi hata moja lililobaki na mto wake. Mito yote ilikuwa maktaba, ambako mkutubi, Delphine Kubicek, aliigawa kwa wanawake waliopanga foleni wakicheka hadi machozi.

"Shusha tumbo kidogo, Joleen! Unaonekana umemeza tikiti maji."

"Na mimi?" aliuliza Arlene.

"Wewe hapana, shoga. Una miaka sitini na moja."

"Sara wa kwenye Biblia alikuwa na tisini! Lete mto."

Akapewa wa maua ya manjano.

Sababu ya vituko hivyo ilikuwa nzito. Wodi ya wazazi ingefungwa ikiwa hospitali isingepata mrithi wa Dakta Hruska, daktari pekee wa uzazi, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Wajawazito walikuwepo mashambani kote, ila walikwenda kujifungulia mji wa Lincoln, mwendo wa saa mbili kwa gari.

"Daktari mpya haji kwa sababu haoni wajawazito," Delphine alisema, "na wajawazito wanatukimbia kwa sababu hawaoni daktari. Lazima mmoja aanze. Basi tuanze sisi."

Mgeni waliyemngoja, Renata Villalpando, alikuwa akimaliza masomo ya udaktari mjini Omaha na kutafuta hospitali ya kufanyia mafunzo ya ubingwa. Kwenye simu alikuwa ameuliza swali moja tu: mafunzo yakiisha, kazi itakuwepo?

Jibu alilikuta kila kona. Wajawazito wawili walisimama kwenye kituo cha mafuta, watatu walinunua kolache, vimkate vitamu vya plamu, kwenye duka la mikate, na mmoja alikuwa juu ya paa akiondoa theluji kwa koleo. Dakta Hruska, ambaye hakuna aliyemdokeza lolote, aliwaangalia wagonjwa wake wa miaka mingi na kuzidi kupauka.

"Hongera, mama," Renata alimwambia Arlene, akimwekea kiganja juu ya tumbo. "Huyu wa ngapi?"

"Wa kwanza. Nilikuwa na shughuli nyingi."

"Ametulia sana."

"Ndiyo tabia ya baba yake. Akikaa kwenye kochi, haondoki."

Renata aligeuka kando, akakohoa kwa muda mrefu.

Jioni walimwandalia dansi ya polka ukumbini. Arlene alicheza kwa moyo wote. Wimbo wa tatu ulipokwisha, alikuwa mwembamba.

"Umejifungua!" Delphine alimnong'oneza, akimsukuma jikoni.

Waliutafuta ule mto chini ya kila meza bila kuupata. Mlangoni, Renata aliwaaga akiwa amefunga vifungo vyote vya koti lake, hadi shingoni.

Mwezi wa tatu, siku ambayo madaktari wapya nchi nzima huambiwa hospitali walizopangiwa, Dakta Hruska aliingia maktaba akikimbia. Renata sasa alikuwa daktari wao. Vlasta ilikuwa chaguo lake la kwanza! Kengele ya kanisa ilipigwa, bia ikafunguliwa kabla ya saa sita, na mkutubi mwenyewe akapiga kelele maktaba.

Kisha Arlene akakumbuka.

"Akija atatukuta bapa kama chapati za maji. Tutasema nini?"

"Tutasema tumeshazaa."

"Na akiuliza watoto wako wapi?"

"Wamelala."

"Wote?"

Mwezi wa sita, gari la Renata lilisimama mbele ya hospitali. Wanawake walikuwa wamejipanga na mikate yao, kila mmoja akilificha tumbo lake bapa nyuma ya sinia.

Renata akashuka. Tumbo lake lilikuwa kubwa ajabu, mraba kwa juu, likitangulia mbele yake kama meza. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Arlene, akaingiza mkono chini ya blauzi pana aliyovaa, akachomoa mto wa maua ya manjano.

"Huu wako, mama," alisema.

Kisha akashika tumbo lililobaki, dogo kuliko lile la kwanza, la mviringo, ambalo wakati huohuo lilipiga teke.

"Huyu wangu."