Kadi ya Wazee

Lango la tiketi lililia mara mbili na kitaa chekundu kikawaka. Kitaa hicho huwaka kwa wazee wanaopanda treni bure. Aliyepita alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, viatu vya ofisini, nywele bado hazijakauka.

"Bibi, hebu simama kidogo," Tak alimwita.

Tak, ofisa wa kituo cha treni cha Byeongjeom, alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo tangu alfajiri. Hakosekani mtoto wa mtu anayejifanya mzee ili akwepe nauli, na yeye hao aliwapenda kama paka anavyopenda panya. Akaichukua kadi, akaisoma.

"Noh Myeong-ok. Miaka sabini na tisa. Hongera bibi, umejitunza. Niambie unakula nini, nikamnunulie mke wangu."

Abiria wawili watatu wakacheka. Mwanamke hakucheka, wala hakuona haya. Alifungua tu mkono wa pili, akaonyesha kadi nyingine.

"Hii ndiyo yangu. Nimeshaigonga kwenye lango la pembeni, nauli nimelipa."

"Sasa hii ya nini?"

"Ya mama. Amefariki."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja kituo atakachoshukia. Tak akaacha utani, akampeleka ofisini.

Nje, treni ya masafa marefu ya kwenda Busan ilipita bila kusimama, vikombe vikatetemeka mezani. Mwanamke, jina lake Ban Su-ryeon, alikaa pale alipoonyeshwa. Koti lake alikuwa amelifunga vifungo kombo.

"Mama alikuwa akiuza chipukizi za soya sokoni Anyang," alisema. "Maisha yake yote alipanda treni ya alfajiri. Baba yuko nyumba ya wazee Onyang, huko kusini mwa reli hii hii. Waligombana vibaya, mama akaapa hatakanyaga kule. Lakini kadi hii imeunganishwa na simu ya baba. Ikigongwa, simu inalia, anajua mkewe kapita langoni."

"Na mzee hajui kama amefiwa?"

"Mama alipokufa, baba alikuwa hoi kwa kiharusi. Daktari akasema asishtuliwe. Nikanyamaza. Siku niliyorudi kazini nikagonga yangu, nikagonga na ya mama. Mwaka jana huo."

"Huendi kumwona?"

"Jumapili naenda. Tunakaa. Ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Habari za mama haulizi. Nadhani bado ana hasira naye."

Tak akajikuna kidevu. "Na leo, umekula?"

Su-ryeon akafikiri. "Sikumbuki. Naamka, naenda kazini, narudi, nalala. Hata njaa siisikii, afande. Kulia pia sijalia. Kitu pekee ninachojua ni kwamba mlio ule ndio unaomweka baba hai. Ukiichukua hii kadi, utamuua."

Tak alikuwa na mama yake mzee nyumbani, na maneno yale yalimchoma. Lakini kadi ya marehemu ikishakamatwa hairudi mkononi, na mwenye simu iliyounganishwa nayo lazima aarifiwe. Akavuta simu ya mezani.

"Sheria si yangu, dada. Nitamwambia mzee mashine imeharibika. Zaidi ya hapo sina uwezo."

"Tafadhali," alisema Su-ryeon, bila kupandisha sauti.

Tak alishapiga namba iliyosajiliwa na kadi. Akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili Su-ryeon naye asikie uongo utakaosemwa, asije akasema tofauti Jumapili. Ilipokelewa kabla haijamaliza kulia.

"Shikamoo, mzee. Napiga kutoka kituo cha Byeongjeom. Ni kuhusu kadi ya mkeo."

"Marahaba. Imelia leo, nimeisikia." Ulimi wa mzee ulikuwa mzito, maneno yakitoka moja moja. "Kuna nini? Kuna mtu ameumia?"

"Hapana, mzee, hakuna aliyeumia. Mashine tu zina hitilafu. Kuanzia kesho ujumbe hautakuja, lakini usiwe na wasiwasi, mama anaendelea na safari zake kama kawaida."

Su-ryeon alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Kijana," mzee alisema, "mke wangu hajawahi hata siku moja kutoka nyumbani jua likiwa limechomoza. Hii inalia saa mbili, saa ya watu wa ofisi. Mke wangu amekufa, nami nimeshamlilia. Ila huo mlio usiniondolee, nakuomba. Mwanangu anaishi peke yake. Usipolia, nitajuaje kama leo ameamka?"