Rangi ya Tofali

Akishavuka geti la shule, binti wa mwalimu wa kemia humwita baba yake Mwalimu, kama wenzake wote. Hajateleza hata siku moja.

"Dawa hii ya buluu haidanganyiki," mwalimu wa kemia alisema. "Ikichemshwa na sukari, hugeuka rangi ya tofali. Pasipo sukari, hubaki buluu. Neli hii ya kwanza ina maji ya sukari ya glukosi. Hii ya pili ina mkojo wangu wa asubuhi. Mzee mzima na afya yake!"

Darasa likaangua kicheko. Binti yake akajiinamia kwa aibu.

Akazitia neli zote mbili dawa, akazisimamisha katika chombo cha maji juu ya moto. Maji yakachemka. Neli ya kwanza ikawa kijani, ikawa njano, ikaiva rangi ya tofali. Ya pili ikafuata nyayo polepole, kama mtoto nyuma ya mzazi.

"Mwalimu, umezichanganya," mmoja akasema.

Hakuwa amezichanganya. Aliziandika namba kwa mkono wake. Akaishika ile ya pili, ingali ya moto, asiiachie. Sukari ilimla mguu marehemu baba yake kabla ya kummaliza.

"Andikeni mlichokiona," akasema.

Kalamu zikainama. Kwenye benchi la mbele, binti yake alikuwa amesimama.

"Baba," akaita.